Filitre inatoshwa, karatasi ya kontrole inatoka: na mapafu ni ya nani?

Pitieni siku moja kwenye garaji za Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi, muulize bei ya kutosha filitre ya motokari ya mazuti. Mafundi hawatashangaa. Watauliza tu: ni motokari gani, ya mwaka gani, na ile taa ya tablo imewaka tangu lini? Kazi yenyewe haimalizi siku. Sanduku la chuma lililo chini ya motokari linafunguliwa, tumbo lake linatobolewa na kutupwa, kisha linapigwa sudure ili kwa macho lionekane zima. Kijana mwenye kompyuta anafuta mahali fulani katika programu ya injini, na taa haiwaki tena. Mwenye motokari anafurahi. Anaenda kwenye kontrole tekniki, analipa, anapewa karatasi yake. Hakuna mtu aliyemuuliza neno juu ya moshi.

Wengi wataona ni jambo dogo. Watasema: sendika ya wafanyakazi wa mgodi inatafuta nini katika mambo ya eshapema? Tuko na mishahara ya kudai, tuko na kontra za sutretansi, tuko na wenzetu waliofukuzwa. Ni kweli. Lakini sisi ndio tunaoendesha hizo motokari. Sisi ndio tunaopanda nyuma ya pikap saa kumi na moja za asubuhi kwenda kazini. Sisi ndio tunaoshuka chini ya udongo pamoja na mashini za mazuti. Tena jioni tunarudi kulala na watoto wetu kando ya barabara ambako kamio zinapita usiku kucha. Kama moshi ni jambo la mtu fulani, basi ni letu kwanza.

Mawazo yetu tunayasema wazi tangu mwanzo, ili msomaji asipoteze wakati: kutosha filitre ni kubaya, na inafaa kukomeshwa. Lakini yule dereva anayeitosha haiko mwenye kosa peke yake, na haiko mwenye kosa wa kwanza. Anayemwazibu dereva na kuacha wengine anafanya mchezo.

Filitre inafanya kazi gani

Tueleze kwa lugha ya garaji. Injini ya mazuti haichomi mafuta yote mpaka mwisho. Yanabaki masizi, ni kusema chembe nyeusi za kaboni zinazotoka na moshi. Zile kubwa tunaziona, zinachafua ukuta na nguo zilizoanikwa. Zile za hatari kabisa hatuzioni: ni ndogo kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita. Pua haizizuii, koo haizizuii. Zinashuka mpaka mwisho wa mapafu, na zingine zinaingia hata katika damu.

Filitre ni chujio la kushika hizo chembe. Ndani yake kuko kama udongo uliochomwa, wenye vitundu vingi sawa sega la nyuki. Kitundu kimoja kimezibwa mbele, jirani yake kimezibwa nyuma, basi moshi unalazimika kupenya ukuta wa katikati. Hewa inapita, masizi yanabaki. Filitre iliyo nzima inashika zaidi ya 95 kwa 100 ya hizo chembe. Tangu Ulaya ilipoweka kanuni ya Euro 5, iliyoanza mwaka 2009, motokari mpya za diezeli za kule zinatoka kiwandani na filitre.

Sasa, kitu kinachoshika uchafu lazima kijae. Wale walioitengeneza walijua hilo. Injini inapoona filitre imeanza kujaa, inaongeza mafuta kidogo ili kupandisha joto mpaka karibu digri 600, na masizi yanaungua humo humo. Lakini inaomba motokari itembee kwa mwendo wa kutulia, dakika kumi na tano, ishirini. Ukitoka Lubumbashi kwenda Likasi, kazi hiyo inafanyika bila wewe kujua. Ukizunguka tu kati ya Katuba na soko, unasimama, unaanza, unasimama, joto halifiki. Masizi yanapangana. Taa inawaka. Wewe unaiacha. Siku moja motokari inakosa nguvu kwenye mlima, na hapo ndipo unakumbuka garaji.

Kuko sababu zingine. Injekteri inayovuja inatoa masizi mengi. Turbo inayokula mafuta ya injini inapeleka mafuta hayo mpaka ndani ya filitre. Mafuta ya injini yasiyo ya aina yake yanaacha majivu, na majivu hayaungui hata kwa moto gani. Na juu ya yote kuko mazuti yenye salfa mingi, ambayo inaharibu dawa iliyopakwa ndani ya katalizeri na kuongeza uchafu.

Angalieni basi: filitre iliyojaa mara nyingi ni dalili tu, ugonjwa uko pengine. Fundi wa kweli anatafuta injekteri, anatafuta turbo, anauliza mafuta gani yametiwa. Anaweza kulazimisha filitre ijichome na mashini ya diagnostiki, ao kuitosha, kuiosha na kuirudisha. Lakini kazi hiyo inaomba mashini, inaomba masomo, inaomba siku mbili. Kutoboa kunaomba nyundo na chuma. Tumesikia wenyewe namna fundi anavyomwambia mteja: "Shefu, hii kitu inakukamata bure. Tuitoshe tu, motokari itapumua muzuri." Motokari inapumua, ndiyo. Na mtu anayetembea nyuma yake?

Sisi wa mgodi tunajua moshi huu

Mwezi wa sita mwaka 2012, wataalamu wa kansere wa Shirika la Afya Ulimwenguni, wanaokutana kule Lyon, Ufaransa, waliweka moshi wa injini za diezeli katika kundi la kwanza, kundi la vitu ambavyo imethibitishwa kwamba vinaleta kansere kwa binadamu. Amianti iko katika kundi hilo hilo. Tumbaku pia. Kansere wanayoitaja ni ya mapafu.

Na mnajua waliangalia nini zaidi ili kufika huko? Waliangalia wafanyakazi wa mgodi. Kule Marekani watafiti walifuata maisha ya wafanyakazi 12 315 wa migodi minane, miaka na miaka, wakihesabu nani alikufa na alikufa na nini. Waliona kwamba waliopumua moshi wa diezeli kwa wingi zaidi walikufa na kansere ya mapafu karibu mara tatu kuliko waliopumua kidogo. Wale hawakuwa Wakongomani, lakini pafu la mfanyakazi ni pafu tu. Ni wafanyakazi kama sisi, waliotoa miili yao ili sayansi ijue, na ni haya kubwa kama sisi wenzao hatutumii walichokilipia na uhai.

Huku kwetu Kipushi, Kamoto, Kamoa-Kakula, watu wanashuka chini. Chini kuko mashini za kupakia, kuko kamio, kuko pikap za mashefu, na nyingi zinakula mazuti. Hewa inasukumwa na ventilateri kubwa. Lakini ventilateri inapunguza uchafu tu, haiuondoi. Na mwisho wa galeri, pale watu wanapotoboa mwamba, hewa inafika ikiwa imechoka. Katika mahali pa namna hiyo filitre moja iliyotobolewa haiko sawa na filitre iliyotobolewa kwenye barabara kubwa. Kule juu upepo unasaidia. Chini hakuna upepo wa Mungu.

Tunasema hivyo kwa sababu mchezo wa garaji za mjini unaingia pia kazini. Katika kampuni moja ya sutretansi, ambayo hatutaitaja hapa, wenzetu waliona pikap zikirudi kutoka entretia na taa imezimika lakini moshi umeongezeka. Delege wetu aliuliza. Akajibiwa: "Delege, unataka motokari ao unataka produksio?" Swali hilo lilitupa jibu. Saa moja ya mashini kusimama inahesabiwa katika makuta. Mapafu ya opereta hayana mahali katika ile kompti, mpaka siku atakapopewa karatasi ya kurudi nyumbani juu ya "ugonjwa wa kawaida". Na kansere haiji leo. Inakuja baada ya miaka kumi na tano, ishirini, wakati kontra imekwisha, kampuni imebadilisha jina, na hakuna mtu wa kuulizwa.

Karatasi haipimi moshi

Tuje sasa kwenye kontrole tekniki. Sheria haikosekani. Kodi ya barabara tuko nayo tangu tarehe 30 ya mwezi wa nane mwaka 1978. Kila mwenye motokari anajua kwamba bila karatasi ya kontrole polisi wa rulaji watamsimamisha. Lakini swali letu ni hili: ile karatasi inashuhudia nini?

Katika kituo kimoja ambako tumeongozana na motokari za kazi zaidi ya mara moja, tumeona wakiangalia taa, klakso, kizima moto, namba ya shasi. Mara moja moja waliomba kukanyaga freni. Hakuna aliyeingiza bomba la kupima kwenye eshapema. Hakuna aliyelala chini kuangalia sanduku la filitre. Siku ile kulikuwa minibisi iliyokuwa inatoa moshi mweusi sawa tanuru ya matofali. Ilitoka na karatasi kama zetu. Dereva wake alicheka akatuambia: "Bakubwa, beko banaomba makuta, habaombe moshi." Mtu huyo alisema ukweli wote kwa maneno machache kuliko sisi.

Lakini tusidanganyane kwamba shida ni mashini tu. Hata Ulaya, wenye mashini kila kituo, walidanganywa. Kwa miaka mingi kontrole ya kule ilipima weusi wa moshi: unakanyaga gazi, taa inapita katikati ya moshi, mashini inasema moshi ni mzito kiasi gani. Injini za kisasa zinachoma vizuri kidogo. Hata ukitosha filitre, moshi wake hauonekani sana, na mashini ya zamani inasema "nzuri". Ndiyo sababu garaji za kule pia zilikuwa zinatoboa na motokari zinapita. Ile chembe inayoua haina rangi ya kuonekana.

Walipofahamu hilo wakabadilisha kipimo. Kuanzia tarehe 1 ya mwezi wa saba mwaka 2022, Ubelgiji wanaingiza kwenye eshapema mashini inayohesabu chembe moja moja, na motokari ya diezeli inayopita chembe milioni moja kwa kila santimita kubu inarudishwa nyumbani. Uholanzi walianza mwaka 2023 mwezi wa kwanza, Ujerumani mwezi wa saba mwaka huo huo, na Wajerumani waliweka mpaka mkali zaidi, chembe 250 000. Kule hata ukipiga sudure ya namna gani, sanduku tupu linajulikana kwa dakika chache. Ufaransa, sheria ya mwaka 2015 iliweka faini ya euro 7 500 kwa anayetosha kifaa cha kuzuia uchafu ao anayetoshesha.

Msomaji mwenye akili atauliza mara moja: na motokari inayokataliwa Antwerpen inaenda wapi? Kuinunulia filitre mpya kunagharimu sana, pengine zaidi ya bei ya motokari yenyewe. Mwenyewe anaiuza. Mnunuzi anaipakia meli. Mwaka 2020 shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira lilitoa hesabu: kati ya mwaka 2015 na 2018, motokari ndogo za okazio milioni 14 ziliuzwa inje kutoka Ulaya, Japani na Marekani, na sehemu kubwa kupita zote ilikuja Afrika. Mwaka huo huo wakaguzi wa serikali ya Uholanzi waliangalia motokari zilizokuwa zinangoja kupelekwa Afrika. Wakakuta nyingi ni za zamani sana, nyingi hazina karatasi ya kontrole iliyo na uhai, na zingine zimenyang'anywa katalizeri yake kabla ya safari, juu ya madini ya bei yaliyo ndani.

Hapo tunaona jambo la kuchekesha na kuliza. Madini ya betri za motokari safi za Ulaya yanatoka kwetu, kobalti ya Kolwezi, shaba ya Katanga. Tunayapakia kwenye kamio za mazuti zinazopanga foleni kilometa na kilometa mpaka Kasumbalesa, injini zinanguruma, mama wanauza mikate katikati ya moshi. Yanakwenda kusafisha hewa ya wengine. Na motokari zao zilizoshindwa kontrole zinarudi kutafuta kazi huku. Ulaya inafunga mlango, na takataka zinapitia dirisha letu. Lakini dirisha hilo ni letu. Kulifunga ni kazi ya serikali yetu, hatuwezi kumlilia mzungu kwa yote.

Majibu kwa wanaotupinga

Kuko watu wa kweli wanaotupinga, na hoja zao tunaziheshimu.

Wa kwanza ni dereva wa taksi. Anasema: "Filitre mpya ni mamia ya dola, mara nyingi inapita elfu. Mimi ninapeleka versema kila jioni kwa mwenye motokari. Nikisimama wiki moja, watoto hawali." Ndugu huyo hatuwezi kumwambia uongo. Ana haki. Ndiyo sababu tunakataa kontrole itakayomkamata yeye barabarani na kumwachia polisi nafasi nyingine ya kumkula makuta. Sheria inayoanza na mdogo haifiki kwa mkubwa hata siku moja. Lakini tunamwambia pia: fundi anayekuambia filitre ni adui yako hakukuambia kwamba injekteri yako inavuja. Ile shida itabaki, na kesho itakula injini yenyewe. Tena mtu anayekaa saa kumi na mbili kwa siku katika foleni, dirisha wazi, nyuma ya eshapema za wenzake, ni wewe. Wewe ndiye mteja wa kwanza wa moshi huu.

Wa pili anasema: na mazuti yetu haya, filitre haitadumu. Hoja hii ni ya nguvu kupita zote. Mwaka 2016 shirika moja la Uswisi, Public Eye, lilipima mafuta yanayouzwa katika nchi nane za Afrika, jirani yetu Zambia na Kongo-Brazzaville zikiwamo. Kule Mali walipata diezeli yenye salfa mara 378 kupita mpaka wa Ulaya. Mafuta ambayo hayawezi kuuzwa Bruxelles yanatengenezwa makusudi kwa ajili ya pompi za Afrika. Lakini angalieni mashariki yetu. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana mazuti yasipite salfa 50 kwa milioni, kuanzia mwaka 2015. Na Kongo imeingia Jumuiya hiyo mwaka 2022. Tuliingia tukaimba na kucheza. Basi tuingie pia na mazuti. Mafuta yanayopita Dar es Salaam kuja kwetu yasiwe na uso mmoja kwa Mtanzania na uso mwingine kwa Mkongomani. Na kwa salfa 50, filitre inaweza kufanya kazi.

Wa tatu anasema: kamio za zamani hazijawahi kuwa na filitre, na zinatoa moshi mara kumi, mnasumbua pikap kwa nini? Ni kweli kamio za zamani ni mbaya, na hatuziachi. Lakini mtu mwenye nyumba inayovuja mahali patatu hatobowi pa nne. Motokari yenye filitre tayari ni mali tuliyo nayo. Ililipwa tayari. Kuitoboa ni kuchukua kitu kizuri kidogo tulichopata na kukifanya kama vile vibaya tulivyo navyo.

Wa nne, na huyu tunakutana naye katika komini zetu, anasema: "Hapa tunakula vumbi ya mgodi kila siku, vumbi ya barabara, moshi wa makala. Mtatuambia juu ya eshapema?" Mama, tunakusikia. Vumbi ni pigano lingine, na sendika iko ndani yake. Lakini mwili hauna mapafu ya vumbi na mapafu ya moshi. Ni mapafu yale yale mawili.

Tunaomba nini

Kulalamika bila kuomba ni kuimba. Sisi tunaomba mambo haya.

Kwanza, mazuti. Serikali ya inchi itangaze mpaka wa salfa sawa na wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mafuta yapimwe mpakani, pale Kasumbalesa, kabla ya kufika pompi. Matokeo yabandikwe mahali watu wanasoma. Bila hilo, yote mengine ni kumsumbua mwananchi.

Pili, kontrole ianze na wakubwa. Kampuni za mgodi na sutretansi zao ziko na mamia ya motokari, ziko na garaji zao, ziko na mainjinia. Hazina sababu ya umaskini. Mashini ya kuhesabu chembe ianze kupita kwao. Katika kila kontra ya usafiri na ya sutretansi iandikwe: motokari iliyotoka kiwandani na filitre inabaki na filitre, na anayeitosha anapoteza kontra. Neno moja katika kontra linafanya kazi kuliko polisi kumi.

Tatu, chini ya udongo moshi upimwe mahali mtu anaposimama, si pale ventilateri inapopuliza. Ulaya wameandika katika sheria mpaka wa miligramu 0,05 ya kaboni ya diezeli kwa kila metakubu ya hewa kazini, na kwa migodi ya chini walitoa nafasi mpaka mwezi wa pili mwaka 2026. Kampuni nyingi za huku zinapenda kusema zinafuata "kanuni za kimataifa". Vizuri. Kanuni ndiyo hiyo, waitundike kwenye mlango wa shimo pamoja na kipimo cha kila mwezi.

Nne, kituo cha kontrole kisicho na mashini ya kupima moshi kisiruhusiwe kuandika kwamba moshi ni mzuri. Kiandike "hatukupima". Ni aibu ndogo, lakini ni ukweli. Na anayekutwa na filitre iliyotobolewa apewe muda wa kutengeneza, miezi ya kutosha, kabla ya faini. Yule anayelipa faini siku ile ile analipa mfuko wa mtu, hasafishi hewa ya mtu.

Tano, vijana wa garaji. Hatuwachukii. Ni watoto wetu, wengi wamejifunza kazi kwa macho na mikono, hakuna aliyewafundisha zaidi. Shule za ufundi zifundishe kuosha filitre, kusoma mashini ya diagnostiki, kutafuta ugonjwa wa injekteri. Kazi hiyo ina makuta kuliko kutoboa, juu mteja atarudi.

Na sisi wenyewe, madelege, tuko na kazi ambayo haingoji Kinshasa. Kodi ya kazi ya mwaka 2002 inampa mfanyakazi haki ya kulindwa afya yake kazini, na inaomba kuwe komite ya usalama na usafi. Katika komite nyingi tunasaini karatasi na kunywa sukari. Basi mkutano unaokuja tuulize maswali matatu: motokari ngapi hapa zilitoka kiwandani na filitre? Ngapi ziko nazo mpaka leo? Nani alitoa amri ya kutosha zingine? Majibu yaandikwe katika ripoti, kwa jina na tarehe. Siku mwenzetu atakapougua, ile ripoti itakuwa shahidi. Bila shahidi, tutaambiwa alivuta sigara.

Katiba yetu, kifungu cha 53, inasema kila mtu ana haki ya mazingira yenye afya. Haikuandikwa kwamba haki hiyo inauzwa kwenye kituo cha kontrole pamoja na karatasi. Wafanyakazi wa Katanga walipata vitu vichache bila kudai: hata kofia ya kazi na viatu vya chuma vilidaiwa, na wakati ule pia mapatro walisema ni gharama kubwa, kazi itasimama. Kazi haikusimama. Leo hakuna anayeshuka chini bila kofia, na anayejaribu anarudishwa mlangoni. Tunataka filitre ifike pale pale: motokari isiyo nayo irudishwe mlangoni, na opereta anayeikataa asipoteze mkate wake.